Hofu ya Mwalimu wa Nidhamu

Tulianza kuogopa miguu yake kabla hatujamwona uso. Shule yetu ya sekondari, kule Muleba, ilikuwa na veranda ndefu ya saruji, na mwalimu wa nidhamu alivaa viatu alivyovipigilia chuma kwenye visigino. Ko, ko, ko. Darasa lililokuwa linapiga kelele lilinyamaza ghafla hadi ukamsikia mwenzako akimeza mate. Mimi viatu vile viliwahi kuniharisha, mchana kweupe, na sioni haya kusema, maana sikuwa peke yangu kwenye foleni ya choo siku hiyo.

Msiniulize alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Ukoo wake wanaujua wenyewe, na yeye ukimuuliza alikuwa anajibu, "Kwani unataka kunioa?" Ninayoyajua ni niliyoyaona kwa macho yangu, kwanza nikiwa mwanafunzi wake, halafu, Mungu naye ana utani wake, nikiwa jirani yake. Alipostaafu alihamia Buhembe, nyumba ya pili kutoka karakana yangu ya useremala. Siku ya kwanza nilipomwona amesimama mlangoni, mimi mtu mzima mwenye mke na watoto, niliangusha randa.

"Mbona unatetemeka, fundi?" akauliza.

Nikasema ni baridi. Jua lilikuwa linawaka.

Alikuwa mvutaji wa sigara. Tena si mvutaji wa kuomba moja kwa rafiki jioni. Sigara haikukauka mkononi mwake. Na huyo ndiye aliyekuwa anawachapa wavulana kwa kosa la kuvuta! Hilo lilituchanganya akili. Akimkamata mtu nyuma ya jiko la shule, alimleta mstarini asubuhi, akamwinamisha, na kabla ya fimbo akamwambia kwa upole, "Moshi huu utakumaliza, mwanangu." Aliyesimama karibu aliyasikia maneno hayo yakitoka pamoja na harufu ya tumbaku. Hakuna aliyethubutu kucheka. Baada ya fimbo alikuwa na neno lake lilelile siku zote: "Sijakupiga. Nimekukumbusha." Yule mvulana anajibu, "Asante, Mwalimu," huku machozi yanamtoka.

Mahali pake pa kuvutia palikuwa nyuma ya stoo ya majembe. Alidhani hatujui. Akitoka pale, mkono uliingia mfuko wa koti ukatoka na punje za kahawa, akazitupia mdomoni. Wasio wa huku niwaeleze: hiyo si kahawa ya kunywa. Ni akamwani, kahawa inayochumwa ikiwa bado mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, ikawa ya kutafuna. Ukifika nyumbani kwa Mhaya unawekewa mbele yako katika kikapu kidogo hata kabla hujaulizwa habari za ulikotoka, na kuikataa ni kumdharau mwenye nyumba. Kwa Mwalimu ilikuwa ya kufukuza harufu. Sigara, kahawa, sigara, kahawa, kutwa nzima, miaka yote ile niliyomjua.

Sasa sikilizeni kichekesho. Mtu huyo alikuwa anaogopa radi. Wanaojua mvua za Kagera wanajua kwamba radi zetu si za mchezo. Wingu likijikusanya upande wa ziwa, yeye aliingia stoo ya majembe na kufunga mlango, nasi tuliamini anahesabu majembe. Miaka mingi baadaye, Buhembe, mke wake ndiye aliyenitobolea siri. Majirani wote tunamwita Mama tu.

"Ahesabu majembe!" Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. "Anakaa chini akaziba masikio, fundi. Hata humu ndani anaingia chini ya meza. Mimi ndiye ninayetoka kwenda kuanua nguo."

Nilirudi karakana nikiwa sijui nicheke au nisikitike. Kumbe miaka yote ile tulipokuwa tunajificha kwa kumwogopa, naye alikuwa amejificha.

Na tusimwonee. Kijana mmoja wa bweni letu alipopandwa na homa ya kuweweseka, gari la shule likiwa bovu, mwalimu wa nidhamu ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, kwenye matope, huku mvua ikimnyeshea. Sijui siku hiyo radi aliifanyaje. Kesho yake mstarini tukampigia makofi kwa furaha. Akatutazama, akatuamuru sote tupige magoti kwa kupiga kelele bila ruhusa. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Shukrani ilikuwa inamkera kuliko utundu.

Mguu ulianza kumsumbua kimyakimya. Majirani tuliona tu kwamba Mwalimu amekuwa na tabia mpya, ya kusimama kwenye viwanja vya watu. Akitoka kwake kwenda sokoni mjini anatembea kidogo, anasimama, anatazama mgomba wa mtu. Anatembea tena kidogo, anasimama, anakagua ukuta wa mtu. Watu walinung'unika. Mwanamke mmoja jirani alisema amegeuka mpelelezi wa kodi ya majengo. Mimi mwenyewe alikuwa ananisimamia mbele ya karakana akizitazama mbao zangu bila kusema neno, nami nikianza kujiuliza nimekosea wapi, nafuta vumbi ambalo halipo.

Kumbe maskini alikuwa anaumwa. Nyama ya nyuma ya mguu wa kushoto ilikuwa inamkaba akitembea, na akisimama inaachia. Badala ya kusema naumwa, akawa mkaguzi wa migomba. Halafu kidole kidogo cha mguu huohuo kikapata kidonda kilichokataa kupona. Akakificha ndani ya soksi. Aliyekigundua ni Mama, kwa harufu.

"Twende wote hospitali, fundi," Mama akaniambia. "Akinifokea mimi nitanyamaza. Wewe ni mwanaume."

"Mama, akinifokea mimi nitapiga magoti."

Nikaenda hivyohivyo. Daktari alikigusa kidole, akapanda juu, akatafuta mapigo ya damu kwenye wayo, nyuma ya goti, kwenye paja. Alichukua muda mrefu pale kwenye wayo.

"Mzee, unavuta sigara?"

"Kidogo," akasema Mwalimu. Mama akakohoa kikohozi cha makusudi.

"Mishipa inayopeleka damu kwenye mguu huu imebanwa," daktari akasema. "Dawa nitakupa. Ila nikueleze ukweli, hakuna dawa yangu itakayoshindana na sigara. Kidole hiki siwezi kukuahidi. Ukiacha kuvuta leo, mguu tunaweza kuuokoa. Usipoacha, tutaondoa kidole, halafu utarudi tuondoe wayo, halafu utarudi tuondoe hapa." Akaweka kiganja chake chini kidogo ya goti.

Mwalimu alikitazama kile kiganja cha daktari mpaka daktari akakiondoa.

Nje, karibu na lango, palikuwa na mtu kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa na umri mdogo kuliko sisi sote, na suruali yake ilikuwa imekunjwa na kubanwa chini ya mapaja pande zote mbili. Tulipompita akanusa, akageuza kiti.

"Mzee, waitu, tafadhali, nisaidie moja tu."

Mwalimu akasimama. "Moja ya nini?"

"Koti lako linanukia, Mzee. Moja tu." Kisha akacheka, akapiga pale mguu wa kulia ulipokuwa. "Walipoukata huu nilisema naacha. Wakaja kukata na huu. Sasa niache ya nini, wamebaki kukata nini?"

Mwalimu aliingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti nzima na kiberiti, akampa haraka haraka kama mtu aliyewekewa panga shingoni. Mama akataka kusema neno, nikamgusa. Kwenye bajaji, tulipopanda kilima cha Buhembe, Mwalimu alinigeukia.

"Fundi," akasema, "umemwona anavyocheka?"

Hivyo ndivyo alivyoacha sigara. Hakuacha kwa ushujaa wala kwa maombi. Aliacha kwa woga mtupu.

Wiki zile za kwanza, Mungu wangu, nisingependa kuzirudia hata kwa kulipwa. Kesho yake tu alikuja karakana ameshika fimbo, ile yake ya enzi za shule, akaiweka juu ya meza yangu.

"Ukiniona na sigara, nichape."

"Mwalimu!"

"Nimesema nichape. Hapa, matakoni, mbele ya watu."

Nilikubali kwa sababu sijawahi kumkatalia jambo. Alipoondoka nikaifunika ile fimbo kwa gunia, maana nilishindwa kufanya kazi ikiwa inanitazama.

Mikono ndiyo iliyomtesa kwanza. Haikujua ikae wapi. Akikaa kwenye kiti chake cha veranda, kile cha kuvutia baada ya chakula, vidole viwili vya kulia vilikuwa vinasogea vyenyewe kwenda mdomoni, vinafika vitupu, vinarudi. Akaanza kukiogopa kile kiti. Akakihamishia nyuma ya nyumba, halafu akakiogopa hata huko, akaniambia nikichukue. Akaogopa choo pia, kwa sababu miaka yote alikuwa anaingia na sigara na tumbo lilikuwa limezoea hivyo. Siku nzima akawa analalamika tumbo limefunga. Akamfokea jogoo. Katekista alipokuja kumsalimia akamuuliza kwa sauti ya mstarini, "Umekuja kunipima sanduku la kuzikia?" Mama alipofua koti lake, ilikuwa balaa. Nilimkuta amesimama kwenye kamba ya nguo ameliinamia lile koti lililolowa, anatafuta harufu mfukoni.

"Ameitoa yote," akaniambia. Macho yake yalikuwa mekundu. Sijawahi kuona mtu mzima akililia koti.

Na kikohozi kilizidi. Hicho ndicho kilichomtia wasiwasi kuliko vyote.

"Nimevuta miaka yote bila kukohoa hivi," akasema. "Nimeacha, ndiyo naanza kukohoa? Fundi, inawezekana moshi ndio ulikuwa umenishikilia."

"Daktari alisema kifua kinajisafisha."

"Daktari ana umri gani?"

Lile neno, kwamba moshi ndio ulikuwa umemshikilia, lilimwingia kichwani na halikutoka tena. Usingizi ukakata. Mikono ikaanza kutetemeka. Alikuwa anajishika kifua upande wa kushoto hata wakati wa kula, anasikiliza. Mama akaniita pembeni ya kibanja chao, kwenye migomba, asisikike ndani.

"Anaisha, fundi. Mimi ninamwona anaisha. Mguu tunauokoa, mwenye mguu anakwenda."

Niliogopa. Msidhani nilikuwa na busara ya kumtuliza. Nilirudi kazini nikapigilia mguu wa meza kinyumenyume.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, baada ya chakula. Mama alikuja mbio hadi karakana, miguu mitupu, kitenge kimemlegea. "Anakuita. Anasema anakufa."

Nilimkuta amekaa kitandani, shati limelowa jasho. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio hivi kwamba niliuona shingoni, mshipa unaruka. Midomo imekauka. Mkononi alikuwa na sigara moja na kiberiti. Sijui aliipata wapi na sikuuliza. Ilikuwa haijawashwa.

"Funga mlango," akasema. Nikafunga. "Moyo unataka kupasuka. Nikilala unadunda, nikikaa unadunda. Ni kwa sababu nimeikosa. Mwili hauwezi bila yenyewe, fundi. Nikiivuta hii moja, moyo utatulia. Nikiivuta, mguu unakwenda. Nisipoivuta, ninakwenda mimi mzima mzima. Wewe ulikuwa mzuri wa hesabu. Niambie nifanye nini."

Hebu jiwekeni mahali pangu. Mtu ambaye maisha yangu yote ndiye aliyekuwa ananiambia nifanye nini. Mama amesimama nyuma yangu, namsikia anasali Salamu Maria kwa Kihaya chini chini. Kwenye meza pembeni ya kitanda nikaona kikapu cha akamwani karibu kitupu, na maganda yametapakaa hadi sakafuni, lakini akili yangu haikufika huko. Nilimtazama yeye tu. Nilikuwa nafikiri: nikimkataza akafa, nimemuua mimi. Nikimruhusu, nimemkata mguu mimi.

"Tuulize kwanza," nikasema.

"Tumuulize nani? Nitafika?"

"Shika hiyo sigara mkononi, Mwalimu. Hakuna atakayekunyang'anya. Tukifika na wakisema vuta, utavuta hapohapo."

Nadhani lilikuwa neno la kijinga, lakini lilimwinua kitandani. Tulimpakia kwenye bajaji, Mama kulia, mimi kushoto, yeye katikati ameikumbatia ngumi yake. Kila tuta la barabarani alifumba macho. Dereva alikuwa anatutazama kwenye kioo, akaongeza mwendo bila kuambiwa.

Kwenye kituo cha afya tulipokewa na daktari wa kike, kijana, mpole, asiye na haraka. Alimlaza, akampima presha, akambandika waya za kupimia moyo. Tukasubiri kile kikaratasi kitoke. Mama alikuwa amenishika mkono wa shati na alikuwa anauvuta bila kujua. Daktari akakisoma chote, mwanzo hadi mwisho.

"Moyo unakwenda mbio, Baba, ila sioni mahali ulipoharibika," akasema. "Nieleze siku yako. Unakula nini, unakunywa nini, tangu asubuhi."

Mwalimu akaeleza. Uji, ndizi, maharage. Pombe hapana, hata lubisi, pombe yetu ya ndizi, ameacha.

"Na kahawa?"

"Sinywi kahawa," akasema Mwalimu, na kwa kweli hakuwa anasema uongo.

Mama ndiye aliyeshtuka. "Hanywi, anatafuna! Daktari, tangu aache sigara anatafuna akamwani kutwa. Kikapu cha wageni anakimaliza yeye. Akiamka usiku anatafuna. Mimi nilikuwa nafurahi, nikasema afadhali hii. Ninamkaushia nyingine kila siku!"

Daktari aliweka kalamu chini. Yeye naye alikuwa mtu wa kwetu, nilijua kwa jinsi alivyofumba macho kidogo.

"Sikiliza, Baba. Ulipokuwa unavuta, ule moshi ulikuwa unaufanya mwili uiondoe kahawa haraka. Ulitafuna miaka yote bila kudhurika. Sasa moshi haupo. Kahawa unayotafuna inakaa mwilini muda mrefu, na juu yake umeongeza nyingine, na nyingine. Kutetemeka huku, kukosa usingizi, huu moyo, sehemu kubwa ni kahawa. Hamu ya sigara nayo ipo, inachangia, sikatai. Lakini hamu peke yake haikufikishi hapa."

Mwalimu akauliza taratibu, jinsi mwanafunzi anavyouliza akiogopa kuchekwa, "Kwa hiyo si sigara inayoniua kwa kukosekana?"

"Siyo. Ukiiwasha hiyo uliyoshika, moyo hautulii, na mguu unaurudisha kwenye kisu."

Alifungua ngumi. Sigara ilikuwa imesagika, tumbaku imemganda kwenye jasho la kiganja. Mama akamfuta kwa ncha ya kitenge chake, kidole kimoja kimoja, na Mwalimu akamwacha. Ndipo nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu kweli akalia, na mimi nikatoka nje kwa heshima.

Sasa nikisimulia habari hii watu wanacheka. Mhaya kutaka kuuawa na akamwani, kitu anachompa mgeni! Wacheke tu. Mimi nilikuwa chumbani mle na najua alibakiza nini kuiwasha ile sigara. Na kuna jambo linalonitisha mpaka leo: angeiwasha, moyo ukatulia wenyewe baada ya muda, angeamini kabisa kwamba sigara ndiyo iliyomponya. Hakuna binadamu ambaye angemtoa hapo tena.

Kahawa ikapunguzwa. Tena si kwa mara moja, daktari alikataza hivyo, kidogo kidogo. Badala yake alitafuna muwa, karoti, hata vijiti vya mbao kutoka karakana yangu, nami nikawa nachagua visivyo na dawa ya mbao. Alifundishwa kwamba hamu ikija asipigane nayo, aondoke mahali alipo, maana inakuja na kupita. Basi ikimjia alikuwa anasimama ghafla hata katikati ya mazungumzo na kuanza kutembea, tena daktari alikuwa amemwagiza atembee kwa ajili ya mguu: tembea mpaka ukabe, simama, ukiachia tembea tena. Mara nyingi alinipitia. Tuliizunguka Buhembe yote, mimi na mwalimu wa nidhamu, tukisimama mbele ya migomba ya watu. Safari hii watu walijua, wakawa wanatuletea vigoda.

Kidole hatukukiokoa. Walikiondoa, na siku ile Mwalimu alitetemeka kuliko siku zote za radi. Alipozinduka neno la kwanza lilikuwa, "Wameishia wapi?" Mama akafunua shuka amwonyeshe. Akauhesabu mguu wake kwa macho, kutoka juu kwenda chini, wayo upo, kisigino kipo. Kidonda kilipona. Mguu ukabaki.

Wengi wakamsifu. Kanisani akasimamishwa atoe ushuhuda jinsi alivyoishinda sigara. Alisimama, akawatazama waumini walioinuka kumpigia makofi, akasema, "Sijaishinda. Kaeni." Akakaa yeye kwanza. Nilidhani ni ule ukali wake wa siku zote, hataki kupigiwa makofi.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kwa muda mrefu ilikuwa msibani, Izimbya. Mwalimu mwenzake wa zamani alikuwa amefariki, tukaenda kumzika. Ulikuwa umeshapita muda mrefu tangu siku ya bajaji. Mguu ulikuwa unamchukua vizuri, anachechemea kidogo tu. Baada ya mazishi tulikuwa tunatoka makaburini kurudi uani kula, na njia ilikuwa moja, nyembamba, inapita katikati ya kibanja. Kwenye njia hiyo, chini ya migomba, walikaa wanaume kama kumi na lubisi yao, wanavuta. Hewa ilikuwa haina upepo. Moshi ulikuwa umesimama palepale.

Mwalimu akasimama. Nikasimama naye, kwa mazoea, nikisubiri mguu uachie. Haukuachia.

"Unakaba, Mwalimu?"

"Mguu hauna tatizo." Hakunitazama. "Nipitishe."

"Nikupitishe wapi?"

"Pale. Kwa wale." Akanong'ona, "Peke yangu siwezi. Nikifika katikati yao nitaomba. Najijua, nitaomba. Nishike mkono."

Nikamshika. Kiganja kilikuwa kimelowa chote. Vidole vyake vilinibana mpaka nikasikia maumivu, na ndipo nilipoelewa kwamba kanisani alisema kweli tupu, na sisi tulikaa tukidhani ni majivuno. Kila siku ya miezi ile yote, mtu huyu alikuwa anaamka akiogopa.

Tukaanza kutembea. Nilisikia anavuta pumzi kidogo kidogo kwa mdomo, pua ameifunga. Tulipowakaribia, mmoja wa wale wanaume, mzee kuliko mimi, mvi kichwa kizima, akageuka akamwona. Akaruka akasimama. Sigara akaificha nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Wote wakageuka. Nusu yao walikuwa wamesoma Muleba. Waliinuka mmoja baada ya mwingine, watu wazima, mababu, mikono nyuma, wengine wanazikanyaga chini, na yule wa kwanza moshi unamtoka begani na hathubutu kusogea. Macho yao yalikuwa yaleyale ya mstarini. Nami nilikuwa nimemshika mtu wanayemwogopa, na alikuwa anatetemeka mpaka bega langu lilikuwa linatikisika.

"Marahaba," akasema Mwalimu. Ilikuwa ile sauti yake kamili. "Kaeni."

Wakakaa. Tukapita. Hakuharakisha wala hakugeuka, tukaendelea hadi migomba ikatufunika na harufu ikabaki nyuma. Hapo akapumua kwa pua mara ya kwanza.

"Wameona kitu?" akauliza.

"Hawajaona, Mwalimu. Wamekuogopa."

"Vizuri," akasema. Alibaki amesimama kidogo, anatazama njia iliyobaki hadi uani. "Usiniachie kwanza."